Zana za Mwalimu Subilaga

Mtu wa kwanza kuanguka alikuwa anacheka. Alikuwa fundi cherehani wa sokoni Tukuyu. Amekaa kwenye benchi nje ya duka lake, mwenzake anamsimulia kituko cha harusini, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Mwili ukaomba damu zaidi, moyo haukuongeza. Akaanguka na kicheko bado kiko usoni, na waliokuwa karibu wakaendelea kucheka kidogo, wakidhani anaigiza.

Kufika jioni wodi ya moyo ya Hospitali ya Bondeni ilikuwa imejaa mpaka koridoni. Wote walikuwa watu wa moyo bandia, wa aina ile moja iliyoletwa nchini baada ya homa kuwaharibia watu mioyo ya kuzaliwa. Wengi hawakuwa na maumivu. Wakilala kimya walikuwa wazima kabisa. Ukimkalisha mmoja, macho yanazunguka. Ukimsimamisha, anazimia. Kila moyo ulikuwa unapiga kwa mwendo uleule, mwenyewe awe macho au usingizini, awe na hofu au furaha, kama saa ya ukutani.

Muuguzi wa zamu alizima redio kwa sababu kulikuwa na mpira. Akawakataza jamaa kuleta habari yoyote wodini, iwe nzuri au mbaya.

Sekela Mwakatobe, mhandisi wa mifumo wa hospitali, alikuwa na mgonjwa wake mwenyewe humo ndani. Mdogo wake, Ipyana, refa wa mechi za mchangani, alikuwa amedondoka katikati ya uwanja na filimbi mdomoni.

"Dada, moyo umeharibika?" Ipyana aliuliza akitazama dari.

"Usiongee sana."

"Nikiongea polepole je?"

"Polepole sawa."

"Umeharibika?"

"Haujaharibika," Sekela alisema. "Umekwama."

Alibandika kisahani cha sumaku kifuani mwa mdogo wake, akafungua kompyuta mpakato, akaingia kwenye skrini nyeusi ya kuandikia amri. Madaktari hawakuipenda skrini ile kwa sababu haina michoro. Unauuliza moyo kwa maneno, nao unakujibu kwa maneno. Aliuliza kilichotokea asubuhi, na majibu yakashuka mstari kwa mstari.

Toleo jipya limepokelewa. Toleo la zamani limefutwa. Zana za amri zinatafutwa. Zana za amri hazipo. Usakinishaji umesitishwa. Mapigo ya dharura yameanza.

Sekela alirudia kuisoma ile mistari. Kisha akaenda kitanda cha pili, na cha tatu, na kila moyo ukamwambia maneno yaleyale.

Toleo jipya la programu halikuja likiwa tayari. Lilikuja kama kabati la kuunganisha mwenyewe, mbao huku na skrubu kule, ili kila moyo uliunganishe kwa vipimo vya mwili uliomo. Kazi hiyo ina zana zake ndogo ndogo, nazo zinatakiwa ziwe ndani ya moyo wenyewe: ya kufungua mzigo, ya kuunganisha, ya kukagua kilichounganishwa. Mioyo iliyouzwa nchi tajiri ilikuwa nazo. Hii ya huku ilinyimwa kiwandani, ili fundi asiyetumwa na kampuni asiweze kuigusa. Walioziondoa hawakuwaambia walioandika toleo jipya, au waliwaambia na hakuna aliyejali. Na aliyepanga hatua za usakinishaji aliweka kufuta mbele, kutafuta nyuma.

"Si ungetafuta kwanza," Sekela alisema kwa sauti, na wagonjwa wawili wakageuza shingo kumtazama.

Alijaribu kila njia aliyoijua. Aliingia kwenye hazina ya kampuni mtandaoni kuzishusha zana, akajibiwa kwamba zana zinazolingana na mfumo huu hazitolewi tena. Akachomoa zana kwenye moyo wa kufundishia wa mfumo mwingine uliokuwa stoo, akazipandikiza, na moyo wa Ipyana ukazitema: sahihi ya mtengenezaji hailingani. Akajaribu kuudanganya, akauonyesha njia ya kwenda kuzichukua kwenye kompyuta yake badala ya ndani. Moyo ukaifuata njia, ukafika, ukatazama, ukakataa.

Akaipigia simu kampuni. Sauti iliyopokea ilikuwa na Kiswahili laini kisicho na kwao, na hakuweza kujua kama ni mtu au mashine.

"Kwa hali hiyo tunapendekeza kubadilisha kifaa."

"Unasema tubadilishe moyo. Hapa mpasuaji wa moyo hatuna."

"Kubadilisha kifaa, ndiyo."

"Mapigo ya dharura yanakula betri. Wenye betri kuukuu hawafiki mwisho wa wiki. Hizo zana mnazo, nitumieni tu."

"Tunaelewa wasiwasi wako. Mfumo huo hauhudumiwi tena."

"Mbona mmeutumia toleo jipya leo asubuhi kama hauhudumiwi?"

"Je, kuna jambo jingine tunaloweza kukusaidia?"

*

Kesho yake mchana, akiwa hana tena la kujaribu, Sekela aliandika amri ya mstari mmoja na kuirusha kwa kila moyo bandia uliokuwa karibu na hospitali. Lilikuwa swali tu: una zana za amri? Majibu yakaanza kushuka. Hazipo. Hazipo. Hazipo. Aliyaangalia bila matumaini, kama mtu anayeangalia mvua. Kisha katikati yake likapita neno ambalo alidhani amelisoma vibaya.

Zipo.

Alibeba kompyuta mikononi, akatembea koridoni akifuata nguvu ya mawimbi. Ilipanda mbele ya maabara, ikapungua karibu na ngazi, ikapanda tena kwenye benchi la wageni. Hapo alikuwa amekaa mama mmoja mwembamba mwenye sweta la kijani, kapu la maparachichi miguuni. Sekela alimfahamu. Nusu ya mji ulimfahamu. Alikuwa Mwalimu Subilaga Kajela, aliyefundisha jiografia sekondari mpaka alipostaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sekela. Nimemletea huyu fundi cherehani maparachichi, wananiambia nisiingie, ati nitamfurahisha."

Sekela alikaa chini kwenye sakafu, mbele ya magoti yake. "Mwalimu, huo moyo wako uliwekewa wapi?"

"Mbeya. Kabla haujaanza kuuzwa. Walikuwa wanatafuta watu wa kujaribia, na mimi nilikuwa nakufa, nikasema nijaribieni." Alitabasamu. "Kwa nini?"

Ilikuwa wazi sasa. Moyo wa majaribio ulitoka kiwandani na kila kitu ndani yake, kwa sababu mafundi wa kampuni wenyewe walihitaji kuuchezea. Haukuwa kwenye orodha ya mauzo, ndiyo maana toleo jipya halikuufikia. Na ulikuwa wa mfumo uleule, wenye sahihi ileile.

Sekela alimweleza yote, wala hakumficha ubaya wake. Zana zimekaa mahali ambapo moyo unapatumia ukiwa unapiga, na hapafunguki mpaka usimame. Ingebidi Mwalimu alazwe, damu yake isukumwe na pampu ya nje, moyo uzimwe, zana zinakiliwe, moyo uwashwe. Kunakili kwenyewe ni kazi ndogo. Hatari ilikuwa kwenye kuwasha. Moyo wa namna ile ukizimwa kabisa, ukiamka huomba ruhusa kwa kampuni, na kampuni inaweza isiukumbuke.

"Isipoukumbuka?"

"Hautawaka."

Mwalimu Subilaga aliokota parachichi moja kutoka kapuni, akalibonyeza kwa kidole gumba kuona kama limeiva, akalirudisha.

"Hapana," alisema.

Sekela alingoja sababu.

"Unataka nikwambie kwa nini? Napenda kuishi, mwanangu. Asubuhi nakunywa chai yangu nikiangalia ukungu unavyoondoka mlimani. Naipenda hiyo. Sina mgonjwa wa kumuuguza, sina kazi kubwa ya kumaliza. Naipenda tu. Inatosha au haitoshi?"

"Inatosha, Mwalimu."

"Basi hapana. Na unisamehe kwa Ipyana."

Alisimama, akamwachia kapu.

*

Sekela angeweza kunyamaza. Alilijua hilo wakati anapanda ngazi kwenda ofisini kwa Daktari Mwambungu, mganga mkuu wa hospitali. Lakini alipanda, na akasema.

"Yuko mtu mwenye zana na amekataa?" Daktari Mwambungu alivua miwani.

"Ana haki ya kukataa."

"Anayo. Sikubishii." Alifikicha macho. Alikuwa hajalala tangu juzi na shati lake lilinuka jasho. "Na ndugu za wagonjwa nao wana haki ya kujua kwa nini watu wao wanakufa. Hilo nalo utanibishia?"

Mchana uleule akawaita jamaa wote kwenye ukumbi wa chakula, akawaeleza. Hakutaja jina, alisema tu mstaafu mmoja wa hapa mjini, mwalimu, aliyewekewa moyo Mbeya wakati wa majaribio. Watu wakatazamana, na jina likapita ukumbini bila mtu kulitamka kwa nguvu. Sekela alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Aliwaona wanainuka, wanavaa makoti ya mvua, wanatoka kwa vikundi kuelekea njia ya kwa Mwalimu. Aliona aibu. Chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, na alikijua: alikuwa na tumaini.

Mwanzo walikwenda kwa adabu. Walipiga magoti sebuleni. Walimkumbusha aliwafundisha, walimtajia watoto wa wagonjwa kwa majina. Wazee wa kanisa walikwenda kusali, na katika sala wakamwomba Mungu aulainishe moyo mgumu, mwenyewe akiwa amekaa palepale, amefumba macho pamoja nao. Kisha adabu ikaisha. Muuza maziwa akapita getini bila kusimama. Dukani wakamwambia hakuna sukari, naye anaiona. Usiku mawe yakalia batini. Mtu akakata bomba la maji lililoingia uani kwake, na hakuna fundi aliyekubali kuja kulitengeneza.

Mwanawe, Asajile, alipanda basi kutoka Makambako. Mwalimu alidhani amekuja kumlinda. Majirani waliwasikia wakizungumza jikoni.

"Mama, watu wananipigia simu mpaka kazini."

"Pole."

"Wananiuliza nimezaliwa na mtu wa namna gani."

"Na wewe unawajibu nini?"

Asajile alisema, "Umeishi, mama. Umekula umri wako."

"Bado ninaula," Mwalimu alisema.

Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kuishiwa betri. Alikufa mchana, wakati wa chakula, kijiko mkononi. Siku ya kumzika, msafara uliacha njia ya makaburini ukapanda kilima kwa Mwalimu Subilaga. Sekela alikuwa anatoka kazini, akaukuta. Waliliweka jeneza mbele ya geti, katikati ya njia, wakaligeuzia mgongo. Wakashuka wote, wanaume kwa wanawake, bila kuimba, wakaliacha pale.

Mvua ikaanza. Ilikuwa mvua ya Tukuyu, ile inayonyesha bila haraka kwa sababu haina pa kwenda. Sekela alisimama chini ya migomba ya jirani. Baada ya muda geti likafunguliwa, Mwalimu Subilaga akatoka na mwavuli. Alilitazama jeneza. Kisha akasogea akasimama karibu nalo, akanyoosha mkono, akaliwekea mwavuli. Yeye mwenyewe akalowa. Alikaa hivyo muda mrefu sana, akibadilisha mkono ulipochoka, mpaka ndugu waliporudi kulichukua.

Sekela hakutoka chini ya migomba.

*

Asubuhi Mwalimu alifika hospitali kwa miguu, peke yake, na sweta lilelile la kijani ambalo halijakauka vizuri.

Sheria ilitaka ridhaa irekodiwe. Walikaa watatu katika chumba kidogo cha ushauri, Sekela, Mwalimu na Daktari Mwambungu, kinasa sauti mezani.

"Jina lako kamili."

"Subilaga Kajela."

"Umeelezwa hatari zote?"

"Wewe ndiye uliyenieleza."

"Unakubali moyo wako uzimwe ili zana zilizomo zinakiliwe?"

"Nakubali."

Swali la mwisho lilikuwa moja tu. "Unakubali kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu yeyote?"

Mwalimu alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyesimamia mitihani miaka mingi, anayemwona mwanafunzi akichungulia.

"Nimesema nakubali."

"Inabidi useme kwa hiari."

"Sekela. Niandikie nimekubali."

"Inatosha," alisema Daktari Mwambungu, akazima kinasa sauti.

Sekela angeweza kuinuka. Angeweza kusema hii siyo ridhaa, na bila sahihi yake kazi isingefanyika siku hiyo. Alifikiria betri ya Ipyana, aliyoikagua kabla ya kuja hapo. Akatia sahihi.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hilo lilimuumiza baadaye, urahisi wake. Pampu ilichukua damu upande mmoja ikaitoa upande wa pili. Sekela aliuamuru moyo usimame, ukasimama. Kile chumba cha ndani kikafunguka, na zana zilikuwa hapo, ndogo, chache, hazijaguswa tangu siku zilipotoka kiwandani. Alizinakili kwenye kompyuta yake. Akazijaribu papo hapo kwenye moyo wa fundi cherehani, ambao ulikuwa umetolewa kabla ya maziko na kuwekwa kwenye sinia la chuma, umeunganishwa na waya wa umeme. Zana zimepatikana. Usakinishaji unaendelea. Usakinishaji umekamilika.

Muuguzi mmoja alilia. Daktari Mwambungu alitoka kwenda kuzituma zana kwa hospitali zote nchini zenye wodi kama yao, na sauti yake ilisikika koridoni ikivunjika kwenye simu.

Sekela aliuamuru moyo wa Mwalimu uwake.

Ruhusa inaombwa. Kifaa hiki hakitambuliki.

Alirudia. Hakitambuliki. Aliupa namba za moyo wa Ipyana, ukazikataa. Aliurudishia zana zake mwenyewe, ukazipokea na kubaki umezima. Alijaribu kuusakinishia toleo jipya, ukaomba ruhusa ileile. Akaipigia kampuni.

"Kifaa hicho ni cha majaribio," ilisema ile sauti laini. "Majaribio yalifungwa."

"Kifaa hicho kiko ndani ya mtu."

"Kwenye kumbukumbu zetu majaribio yalifungwa na washiriki wote wamehesabiwa kuwa wamefariki."

"Huyu yuko hai. Nimemshika mkono."

"Tunasikitika sana kwa usumbufu."

*

Hospitali ilikuwa na pampu moja. Kila mgonjwa wa wodini alihitaji kulazwa kwenye hiyo hiyo wakati moyo wake unasakinishwa, kwa sababu nao ni lazima uzimwe kwanza. Mbeya walikuwa na wagonjwa wao, na pampu zao hazikutosha hata huko. Daktari Mwambungu alilieleza hilo taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Wodini betri zilikuwa zinaisha. Ipyana ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mwisho, na hakuna aliyekuwa amepanga iwe hivyo.

"Mpe Mwalimu dawa ya usingizi," alisema. "Halafu tutamtoa kwenye pampu. Asijue."

"Yuko macho," Sekela alisema.

"Ndiyo maana nasema umpe dawa."

"Atajua. Nitamwambia."

Daktari alitaka kubisha, akaacha, akatoka nje ya chumba. Sekela akavuta kiti. Mwalimu Subilaga alikuwa amelala na mirija miwili shingoni, uso umetulia, anaisikiliza pampu.

"Haukuwaka," Mwalimu alisema.

"Haukuwaka."

"Na hivi vitu vinanitosha kwa muda gani?"

"Hata wiki kadhaa. Lakini ni pampu moja, Mwalimu."

Alielewa upesi. Alifumba macho, akayafumbua. "Nani anafuata?"

"Ipyana."

"Aa. Huyo hakuwahi kuielewa ramani. Nilimwambia aoneshe Ziwa Nyasa, akaonesha Rukwa. Alikuwa anacheka tu, akili yote uwanjani." Kisha uso ukabadilika. "Asajile yupo?"

"Yuko nje. Nimwite?"

"Usimwite."

Pampu iliendelea kunguruma. Nje mtu alikuwa anafagia.

"Sasa nisikilize, hakuna kinasa sauti," Mwalimu alisema. "Sikubali. Siku ile kwenye benchi sikukubali, asubuhi nilikuja kwa sababu nilichoka, na sasa sikubali. Nataka kuishi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia, halafu?"

Sekela alimshika mkono, Mwalimu akauchomoa. Hakuuchomoa kwa hasira, aliuchomoa tu, kama mtu anayechukua kilicho chake.

"Dawa ya usingizi," Sekela alisema. "Hutasikia."

"Sitaki dawa. Fanya nikikuangalia."

Sekela alisimama kando ya pampu. Alijiambia kwamba wodini kuna watu wengi, na ni kweli walikuwa wengi. Alijiambia kwamba hata asipofanya yeye, Daktari Mwambungu atafanya, na hilo pia lilikuwa kweli. Lakini mkono wake ulipofika kwenye swichi, aliyekuwa akimfikiria ni mmoja, na alimfikiria akiwa mdogo, akikimbia uani na kopo mdomoni badala ya filimbi. Akazungusha.

Mwalimu Subilaga alimwangalia mpaka alipoacha kuweza.

*

Walimleta Ipyana shuka ikiwa haijabadilishwa. Alihamishwa kutoka machela kwa uangalifu, kama glasi, akalazwa.

"Dada, kitanda kina joto."

"Ndiyo."

"Mwalimu amepelekwa wapi?"

"Amekufa."

Ipyana alifikiri kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kufikiri wodini, bila kujisukuma. "Daktari alituambia alijitolea. Watu walipiga makofi, makofi ya kimyakimya ili tusianguke. Alikubali, si ndiyo?"

Wauguzi walikuwa wanaandaa mirija. Mmoja wao alimtazama Sekela na kutikisa kichwa: muongopee.

"Hapana," Sekela alisema. "Alikataa."

Ipyana alijaribu kuinua kichwa. Midomo ikapauka, macho yakazunguka, na ndani ya kifua moyo uliendelea na mwendo wake uleule, hauna habari. Wakamvisha barakoa ya usingizi.

Sekela aliketi kwenye skrini nyeusi, akaandika amri. Zana zimepatikana. Usakinishaji unaendelea. Mzigo unafunguliwa. Vipimo vya mwili vinasomwa. Usakinishaji umekamilika. Akauamuru uwake, ukaomba ruhusa kwa kampuni, na kampuni ikautambua mara moja.

Ipyana alizinduka alasiri. Alikaa mwenyewe, akashangaa kwamba amekaa. Kisha akamwona dada yake mwisho wa kitanda, na kwenye kioo cha mapigo namba zikaanza kupanda, zikapanda, kwa mara ya kwanza tangu alipodondoka uwanjani, mpaka kengele ikalia.

"Nani alizima?"

"Mimi."

"Akiwa anakuona?"

"Alitaka nifanye akiniangalia."

Alimtazama, akihema. Moyo ulimpa damu yote aliyoihitaji kwa ajili ya kumtazama hivyo. Kisha akamgeukia muuguzi. "Naomba unitoe humu," alimwambia, kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Alipopitishwa mlangoni hakugeuza shingo.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa binti wa chuo cha ualimu, amesuka nywele upande mmoja tu, upande wa pili umeachwa njiani alipoanguka saluni. Alikuwa ameung'ang'ania mkono wa machela.

"Dada, itauma?"

"Hutasikia kitu," Sekela alisema.

Akatandika shuka safi, akambandika kisahani cha sumaku kifuani, akakaa mbele ya skrini na kuweka mikono yake juu ya vitufe. Aliiangalia. Aliingoja itetemeke. Haikutetemeka, na binti alikuwa anasubiri, akaandika amri ya kwanza.